Mwanamisitu kijana apewe kazi ugenini, si ziara

Mikaratusi ya Brazil inayolimwa kwa ajili ya karatasi hukatwa ikiwa na umri wa miaka 6 au 7, na misindano aina ya radiata katika mashamba ya New Zealand huvunwa inapokaribia miaka 30, ilhali mwaloni wa Ufaransa unaotunzwa kwa ajili ya mbao bora husubiriwa kwa zaidi ya miaka 150. Mtaalamu anayeusimamia mwaloni huo tangu ungali mche atastaafu, na hata kufariki, kabla haujafikia umri wa kukatwa. Ndiyo sababu naamini kwamba kufanya kazi kwa muda katika nchi nyingine ni sehemu ya elimu ya misitu isiyo na mbadala, kwa kuwa yale ambayo kijana hawezi kuyaona kwa kungoja anaweza kuyaona kwa kusafiri.

Jambo hili si geni. Mwaka 1889, Marekani ikiwa bado haina chuo cha misitu, Gifford Pinchot alikwenda kusoma katika shule ya misitu ya Nancy, Ufaransa, akafika pia kwenye msitu wa Sihlwald karibu na Zürich, ambako aliona msitu ukivunwa bila kumalizwa. Dietrich Brandis, Mjerumani aliyewahi kuongoza idara ya misitu ya India, alimshauri akae zaidi, lakini Pinchot alirudi kwao baada ya mwaka mmoja hivi. Mwaka 1905 akawa mkuu wa kwanza wa Idara ya Misitu ya Marekani.

Hata hivyo, kizazi hicho cha wanamisitu kiliuona moto kuwa adui wa kuzimwa kila mahali, na hapo ndipo somo la ugenini lilipopungua. Msindano wa majani marefu wa kusini-mashariki mwa Marekani unauhitaji moto: mbegu zake huota vizuri pale ambapo majani makavu yameungua na udongo ukabaki wazi, na miche yake hukaa miaka kadhaa ikiwa mifupi kama shungi la nyasi, chipukizi likikingwa na majani yanayolizunguka. Kijana aliyezoea misitu yenye unyevu akishiriki huko katika uchomaji wa makusudi, akapima upepo na unyevu kabla ya kuwasha, ataelewa ni kwa nini kanuni iliyo sahihi kwao inaweza kuuangamiza msitu wa wengine. Sidhani kama darasa linaweza kumpa uelewa huo.

Ninachokilalamikia ni kwamba nafasi nyingi zinazotolewa ni ziara zilizopewa jina la kazi: wiki chache, picha mbele ya mashine ya kuvunia, cheti, kisha uwanja wa ndege. Kazi ninayotaka vijana wapewe kuliko zote ni kuchagua miti wakati wa kupunguzia, yaani kuamua upi ubaki na upi uondolewe, kwa sababu uamuzi huo hauwezi kutenguliwa na matokeo yake huishi kuliko aliyeufanya. Barani Ulaya yapo maeneo ya mafunzo ambamo kila mti umepewa namba, umepimwa na kukadiriwa thamani yake, kiasi kwamba mwanafunzi akishachagua huonyeshwa papo hapo amebakiza mbao kiasi gani na makazi gani ya ndege na wadudu ameyaondoa. Mazoezi hayo ni mazuri sana, lakini yafuatwe na rangi halisi ya kutia alama kwenye miti halisi, mwenyeji mzoefu akiwa kando na kumtaka kijana aeleze sababu ya kila alama. Kwa hayo miezi sita ni michache. Mwaka mzima unafaa zaidi, maana kitalu, upandaji, uvunaji na majira ya moto havikutani katika msimu mmoja.

Malipo yawepo. Nafasi isiyo na posho ya kujikimu huwachuja waombaji kwa mifuko ya wazazi wao.

Mwelekeo wa safari nao ubadilike. Mara nyingi kijana wa nchi za tropiki hupelekwa nchi za baridi kuwa mwanafunzi, na wa nchi za baridi huja tropiki akiitwa mshauri. Nepal ina vikundi zaidi ya 20,000 vya wanavijiji wanaosimamia misitu ya jamii, vilivyotambuliwa na sheria ya mwaka 1993, na mwanamisitu kutoka Ulaya angekwenda huko kama mwanagenzi, akae kwenye mikutano ambamo wanakijiji wanagawana kuni na malisho, na aandike kumbukumbu zake kwa lugha wanayoisoma wao. Mwajiri wake naye amtunzie nafasi yake, na akirudi amkabidhi eneo la msitu alisimamie mwenyewe, kwa sababu wengi hurejea na kuwekwa ofisini kupanga mafaili.