Petroli Yenye Spiriti Nyingi: Kipimo cha Maji Kinathibitisha Nini?

Marekani, karibu petroli yote ya vituoni imechanganywa na ethanoli, aina ya spiriti (alkoholi), hadi asilimia 10. Gari likianza kukohoa au kukosa nguvu, mafundi hugawanyika: wengine hutaka mafuta yapimwe kwanza, wengine huona ni kupoteza muda kwa sababu kosa mara nyingi liko kwingine.

Wanaotaka kupima wana hoja nyepesi kuielewa: kipimo hakina gharama. Chukua silinda ya kioo yenye mistari hadi mililita 100, tia maji hadi 10, ongeza petroli hadi 100, ziba, tikisa nusu dakika, kisha iache itulie. Fanyia nje, mbali na moto. Alkoholi huiacha petroli na kuingia kwenye maji, hivyo mpaka kati ya maji na petroli hupanda. Ukisimama kwenye 19, alkoholi ni mililita 9 katika 90, yaani asilimia 10. Ukifika 28, ni asilimia 20. Wengi hugawa kwa 100 na kupata jibu pungufu. Tone la rangi ya chakula kwenye maji husaidia kuuona mpaka, lakini hata hivyo usidai usahihi wa nusu asilimia.

Namba hiyo ina uzito gani? Petroli tupu huhitaji hewa karibu 14.7 kwa uzito kwa kila 1 ya mafuta. Yenye ethanoli asilimia 10 huhitaji kama 14.1. Tofauti ni asilimia 4 hivi, na gari lenye sensa ya oksijeni huirekebisha bila dereva kujua. Hapa wanaopinga wana haki kabisa: ukipata asilimia 10, acha kuyasingizia mafuta. Ukipata asilimia 30 au 40, kwa mfano mtu alipojaza E85, mafuta yenye ethanoli nyingi sana, kwenye gari lisilotengenezwa kwa mafuta hayo, kompyuta ya gari inaweza kufika mwisho wa uwezo wake na taa ya injini ikawaka. Injini ya kabureta haina msaada huo. Jeti yake, yaani tundu la kupitishia mafuta, hutoa kiasi kilekile, na mchanganyiko unabaki na hewa nyingi mno.

Kibaya ni kwamba kodi P0171, yaani namba ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari hutoa mafuta yakiwa machache kuliko hewa, hutokea pia kwa hewa inayovuja kwenye manifoldi au pampu dhaifu. Mimi ningetumia silinda ya kioo pamoja na mashine ya kusomea kodi. Marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza mafuta, yakiwa makubwa injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa na kupungua kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuta mpira wa hewa uliopasuka. Yakizidi kadiri injini inavyobeba mzigo, pima presha ya pampu. Yakiwa juu karibu sawasawa kila mahali na silinda ikaonyesha asilimia 25, basi mafuta yana kesi ya kujibu.

Silinda nayo ina upofu wake. Haitofautishi ethanoli na methanoli, wala haioni mafuta ya taa, uchakachuaji uliowahi kuzoeleka Kenya na Tanzania. Tena inategemea sampuli imetoka wapi. Maji yakizidi tangini, takribani nusu asilimia kwa petroli ya E10 (yenye ethanoli asilimia 10), ethanoli hushuka nayo chini: sampuli ya juu itaonekana safi, ilhali pampu inavuta tabaka la chini. Kwa gari linalozima dakika chache baada ya kuwaka, toa sampuli kwenye laini ya mafuta, si kwenye mdomo wa tangi.