Nimelipia umeme ambao sikuuwasha

Mwaka 2024 nilikwenda Tanga wiki tano kumuuguza mama. Kabla ya kuondoka nilizima kila kitu chumbani kwangu hapa Leeds, Uingereza, hata friji nikaichomoa. Niliporudi nikakuta mita inanidai zaidi ya pauni 20. Huku nako zipo mita za kununua umeme kabla ya kuutumia, kama luku yetu, ila hizi zinakula hata mwenyewe usipokuwepo. Kuna tozo ya kila siku, mwaka ule kwa wastani kama peni 60, uwashe taa usiwashe.

Ndani ya tozo hiyo wameweka gharama za nguzo na nyaya, pamoja na hasara za kampuni za kuuza umeme zilizofilisika 2021 na 2022. Tena hailingani: wa Liverpool anatozwa zaidi kuliko wa London. Bei ya uniti nayo inaburuzwa na gesi, maana mara nyingi mtambo wa gesi ndio wa mwisho kuwashwa ili umeme utoshe, na bei yake ndiyo inayopanga bei ya soko zima, hata kwa umeme wa upepo. Urusi ilipoivamia Ukraine, uniti ilifika peni 34, na hapo serikali ilikuwa imeshabeba sehemu ya mzigo.

Kwetu tozo ya namna hiyo iliondolewa 2016. Bei ni moja, uwe Tanga au Mwanza, na umeme wetu unatoka kwenye maji ya Kidatu, Mtera na sasa Rufiji, na kwenye gesi ya Songosongo isiyofuata soko la Ulaya. Asiyezidi uniti 75 kwa mwezi anauziwa uniti shilingi 100 kabla ya kodi. Huku, mwishoni mwa 2024, uniti ilikuwa karibu shilingi 800. Mgao umetutesa miaka mingi, sisahau, lakini hiyo shilingi 100 ni jambo la kulindwa kwa nguvu zote.

Kinachoniuma ni kwamba dada yangu haipati. Amepanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji sita wenye mita moja, wanachangishana. Kila chumba kinatumia kama uniti 30. Kila mmoja angekuwa na mita yake, angelipa 3,000. Kwa pamoja wanafika 180, wanaondolewa kwenye kundi la nafuu na kununua kwa 292, yaani 8,760 kwa chumba. Na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye luku, kwa hiyo mpangaji anamlipia mwenye nyumba mpaka akumbuke kuidai.

Nafuu iliyowekwa kwa ajili ya wanyonge inahesabu mita, wakati wanyonge wanaishi sita kwenye mita moja. Ningetaka ihesabu kaya. Kwa sasa dada amemwomba mwenye nyumba amruhusu avute mita yake, na gharama nimesema nitalipa mimi. Bado hajajibiwa.