Uchawi wa Ulaya na Waislamu wa Andalusia: Deni Lipo, ila Si la Masufi

Katika kitabu chake kuhusu Masufi kilichotoka mwaka 1964, mwandishi Idries Shah alidai kwamba uchawi wa Ulaya ulichipuka kutoka kwa madarwishi wa Kiarabu waliopitia Andalusia, yaani Hispania ya Waislamu, ile ya watu ambao Wazungu waliwaita Wamoor. Dai hilo bado linapendwa na baadhi ya wafuasi wa Wicca, dini ya kisasa inayojiita ya wachawi, na wa Upagani mamboleo, wala si ajabu, kwa sababu linaipa dini changa nasaba ndefu. (Uchawi hapa usichukuliwe kuwa ni kuroga: wenyewe wanakusudia ibada ya mungu wa kike, ya mwezi na ya majira ya mwaka.)

Shah hakuwa mtu wa kupuuzwa, maana alimfahamu kwa karibu Gerald Gardner, mwasisi wa Wicca, na wasifu wa Gardner wa mwaka 1960 ulichapwa na Octagon Press, shirika la Shah mwenyewe. Hata hivyo ukaribu huo ni msumeno: huenda Shah alisikia siri za ndani, na huenda vilevile wawili hao walikuwa wakilishana hadithi.

Hoja kubwa ya Shah ni mfanano wa maneno. Kisu cha ibada cha Wicca huitwa athame, naye akakitafutia asili ya Kiarabu yenye maana ya kutoa damu. Sisi tuliochukua neno damu kwa Waarabu hao hao tunaweza kushawishika haraka, lakini kisu hicho kinapatikana katika nakala za Ulaya za kitabu cha uganga kinachonasibishwa na Nabii Suleiman, kikiitwa arthame au artavus, na artavus kwa Kilatini cha Zama za Kati ni kisu kidogo cha kuchongea kalamu. Masikio hudanganya: Kiajemi na Kiingereza vyote vina neno bad lenye maana ya “baya”, na maneno hayo hayana undugu wowote.

Ukiyaacha maneno na kufuata vitabu, hali hubadilika kabisa. Baada ya Toledo kutekwa na Wakristo mwaka 1085, elimu ya Kiarabu ilianza kumiminika katika Kilatini, na falaki na talasimu zikiwamo. Ghayat al-Hakim, kitabu cha talasimu kilichoandikwa Andalusia, kilitafsiriwa kati ya 1256 na 1258 kwa amri ya mfalme Alfonso wa Kumi, kikajulikana Ulaya kwa jina la Picatrix. Kutoka hapo kilimfikia msomi Cornelius Agrippa, ambaye juzuu zake tatu za elimu ya uganga zilikamilika kuchapwa mwaka 1533 na zikawa chemchemi ya waganga wasomi wa Ulaya waliofuata, hadi chama cha uganga cha Golden Dawn kilichoanzishwa London mwaka 1888, ambacho Gardner aliazima mengi kutoka kwake. Hata ramli, ile ile inayopigwa pwani yetu, ilitafsiriwa kwa Kilatini huko Hispania katika karne ya 12, na Golden Dawn waliifundisha kwa alama zake 16.

Mtetezi wa Shah atajibu kwamba kwa Waislamu tasawufi (yaani Usufi) na elimu ya siri za herufi havikuwa mbalimbali, na hapo ana haki. Ibn Arabi, aliyezaliwa Murcia mwaka 1165, aliandika kuhusu siri za herufi, na al-Buni, ambaye kitabu cha uganga cha Shams al-Maarif kinanasibishwa naye na waganga wetu wa falaki wanakijua vizuri, alikuwa Sufi. Lakini vilivyovuka kuingia Kilatini vilikuwa hasa vitabu vya wanajimu na wanafalsafa kama al-Kindi wa Baghdad, si adhkari wala silsila (nasaba za masheikh) za tarika. Ndiyo maana naona dai la Andalusia lina nguvu, na la Usufi ni dhaifu.

Njia moja tu ingeweza kunibadilisha mawazo, nayo ni ya watu wa kawaida. Wamorisko, Waislamu waliobatizwa kwa nguvu, waliishi jirani na Wakristo hadi walipofukuzwa kati ya 1609 na 1614, na baadhi yao walishtakiwa katika mahakama za Inkwizisheni, zile za Kanisa za kuwasaka wazushi, kwa uganga na kwa kumiliki hirizi. Lakini hirizi hizo zilikuwa na maandishi ya Kiarabu na aya za Qurani, vitu ambavyo katika ibada za Wicca havimo.