Walimu wa Jiografia, Tukutane Korongoni

Kwa miaka minane nilichora ubaoni mchoro uleule wa mwamba unaobambuka maganda kama kitunguu. Nilieleza kwamba joto la mchana huutanua uso wa mwamba na baridi ya usiku huusinyaza, wanafunzi wakanakili, na mtihani ulipofika wakapata alama zao. Jambo hilo halikunisumbua hata siku moja, hadi nilipopanda na walimu wenzangu wanne kwenye mawe ya granaiti yanayoutazama mji wa Iringa kutoka juu, upande wa Gangilonga, na mdogo wetu kuliko sote, aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini, akauliza kwa upole: ikiwa ni joto la jua peke yake, mbona ganda hili lina unene unaonifika gotini? Joto la mchana mmoja linapenya hadi kina hicho? Tulitazamana. Miongoni mwetu walikuwamo wakuu wa idara wawili, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Jibu tulilipata baadaye kwa kusoma na kubishana. Granaiti huganda chini sana ardhini, ikiwa imekandamizwa na uzito wa miamba iliyo juu yake. Mmomonyoko ukiiondoa miamba hiyo kwa mamilioni ya miaka, granaiti hupumua, hutanuka, na hupasuka kwa nyufa zinazofuata umbo la uso wake. Jua na maji ya mvua huja kumalizia kazi iliyokwisha kuanzwa. Mchoro wangu haukuwa uongo, lakini ulikuwa nusu ya habari, na nusu hiyo nilikuwa nimewagawia mamia ya vijana.

Ninalotaka kusema ni kwamba mwalimu anayefundisha habari za ardhi hukomaa katika kazi hiyo anaposimama mbele ya mwamba akiwa pamoja na walimu wengine, na kwamba katika mambo hayo mawili, la wenzake ndilo lenye uzito zaidi. Nilikuwa nimepita kwenye mawe yale mara nyingi nikiwa peke yangu. Nilichokiona kila mara ni mchoro wangu. Ilihitajika sauti ya mtu mwingine, tena mtu asiyeona haya kuuliza, ndipo nikaliona jiwe.

Hatuwezi kusema kwamba walimu wa Tanzania hatuna mahali pa kukutana. Upo mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao wengi tunauita MEWAKA, na ndani yake zimo jumuiya za kujifunza zinazowakutanisha walimu shuleni. Naupenda mpango huo kwa sababu umeleta wazo kwamba mwalimu anaweza kujifunza kwa mwalimu mwenzake bila kumsubiri mgeni kutoka makao makuu. Hata hivyo, kwa somo letu una mipaka miwili. Shule nyingi za kata zina walimu wa jiografia wawili, na nyingine zina mmoja tu anayezunguka kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Jumuiya ya mtu mmoja haiwezi kubishana. Tena mikutano yenyewe hufanyika ndani ya chumba, ambako jambo la kuzungumza huwa ni azimio la kazi, andalio la somo na matokeo ya mtihani wa utamirifu. Makundi yetu ya WhatsApp yako hivyohivyo: yamejaa mitihani ya majaribio na majibu yake, na sijawahi kuona mtu ametuma picha ya mkato wa barabara, yaani ukuta wa ardhi uliochimbwa kupitisha barabara, akauliza, jamani, tabaka hili jekundu limetoka wapi? Semina za ukumbini sizitaji sana, maana kila aliyehudhuria anafahamu kwamba kinachokumbukwa zaidi ni chai ya saa nne na karatasi ya kusaini posho.

Mfano ninaoujua vizuri ni wa Isimila. Korongo hilo liko yapata kilomita 20 kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya, na watu wengi hulijua kwa nguzo zake za udongo mgumu zilizochongwa na maji ya mvua. Wataalamu wa mambo ya kale walilifahamu tangu mwaka 1951 kwa sababu ya zana za mawe zilizotapakaa humo, yale mashoka ya mkono yaliyochongwa pande mbili, na umri wake unaotajwa mara nyingi ni kati ya miaka 260,000 na 300,000. Sisi tulikwenda Jumamosi moja ya mwezi Agosti, walimu kumi na mmoja kutoka shule sita, kwa basi dogo tulilochangia nauli wenyewe. Tulikuwa na lenzi mbili za mkono, dira ya simu, kamba yenye fundo kila mita moja, na kifaa cha kupimia mwinamo wa matabaka tulichokitengeneza kwa kipimapembe cha plastiki, uzi na nati ya baiskeli.

Kabla hatujashuka tulikubaliana kwamba kwa saa nzima ya kwanza hakuna atakayefundisha. Kila mmoja achague mita mbili za ukuta wa korongo, achore alichokiona, aandike kama chembe ni za mchanga, changarawe au mfinyanzi, asitaje jina lolote la kitabuni. Niliona watu wazima wenye shahada wakihangaika kama wanafunzi wa kidato cha kwanza, na mimi mmoja wao, kwa kuwa kuchora kile kilicho mbele yako ni kazi ngumu kuliko kuchora unachokijua. Tulipokusanyika, ubishi ulizuka wenyewe. Kundi moja lilishikilia kwamba hapo pamekuwa na mto, kwa ushahidi wa mchanga mkubwa na vijiwe vilivyoviringika. Kundi jingine lilionyesha matabaka ya mfinyanzi laini, ambayo hayatui isipokuwa kwenye maji yaliyotulia, likasema ni ziwa au kinamasi. Ilichukua muda mrefu hadi mama mmoja aliyekuwa kimya aliposema kwamba tunagombana kana kwamba matabaka yote ni ya siku moja. Tabaka la chini lilitangulia, la juu likafuata, na maji ya mahali pamoja yanaweza kutulia zama hizi na kukimbia zama zijazo. Kanuni hiyo sote tulikuwa tumeifundisha kwa miaka. Pale ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza inafanya kazi.

Jambo jingine tulijifunza kwa aibu kidogo. Mwenzetu mmoja aliokota jiwe lililochongwa vizuri, akaanza kulifikiria kwenye kabati la maabara ya shule yake. Mwongozaji wa eneo alimwomba alirudishe palepale alipolitoa, si hatua tatu kando, akaeleza kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalilinda, na kwamba zana iliyohamishwa kutoka tabaka lake imepoteza habari zake nyingi. Sasa kila ninapofundisha matabaka huanza na jiwe lile lililorudishwa mahali pake.

Niseme neno la pembeni kuhusu lugha. Vitabu vyetu vya sekondari ni vya Kiingereza na mtihani pia ni wa Kiingereza. Sitaki kuufungua mjadala huo hapa. Lakini korongoni tulizungumza Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, na nilishangaa jinsi maneno kama mashapo, mwinamo, mfinyanzi, ufa na mpasuko yalivyotuwezesha kubishana kwa undani ambao sijawahi kuusikia katika chumba cha walimu. Mwalimu aliyelielewa jambo kwa lugha anayofikiria nayo hulifundisha vizuri zaidi kwa lugha yoyote atakayoamriwa.

Wapo watakaoona kwamba haya ni anasa ya watu wenye nafasi. Mimi nakumbuka siku chache baada ya tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuufunika sehemu ya mji wa Katesh, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Kijana wa jirani aliniuliza: Mwalimu, Hanang imelipuka? Swali lake lilikuwa la akili, kwa kuwa Hanang ni mlima wa volkano, ingawa umezimika zamani. Wataalamu walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikashindwa kuhimili uzito, ikameguka. Niliweza kumfafanulia kwa sababu nilikuwa nimeshika kwa mikono yangu mwamba wa majivu ya volkano uliooza ukawa kama udongo. Ningekuwa na kitabu tu, ningemsomea aina tatu za volkano. Nchi iliyokatwa na Bonde la Ufa, na ambayo mwaka 2016 ilishuhudia tetemeko la ukubwa wa 5.9 likibomoa nyumba na shule mkoani Kagera, inamhitaji mwalimu anayeweza kujibu maswali ya aina hiyo siku hiyohiyo.

Tuna utajiri ambao walimu wa nchi nyingine huuota. Eneo la Ngorongoro na Lengai lilitambuliwa na UNESCO mwaka 2018 kuwa jiopaki ya dunia, yaani eneo linalotunzwa kwa ajili ya miamba na sura ya ardhi yake, la kwanza kusini mwa Sahara. Oldoinyo Lengai peke yake inatosha kuvuruga somo zima la volkano: zaha yake ya kabonati, yaani mwamba ulioyeyuka unaomwagika nje, hutoka na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya ile ya volkano za kawaida, hutiririka ikiwa nyeusi kama mafuta machafu ya gari, kisha hugeuka nyeupe inapokutana na unyevu. Kitabu kinachogawa zaha katika makundi mawili, nzito yenye silika nyingi, yaani madini kama yale ya mchanga, na nyepesi yenye silika kidogo, hakina mahali pa kuiweka. Ningetamani kila mwalimu wa jiografia afike kule angalau mara moja katika utumishi wake. Ila tukisubiri safari ya Ngorongoro hatutaanza kamwe, na ndiyo maana napendelea korongo, machimbo ya kokoto, kingo za mto na mkato wa barabara ulio umbali wa daladala moja. Marekani walimu wa jiolojia wana chama chao tangu mwaka 1938, na cha Uingereza kilianzishwa 1967. Vyote viwili vimeendelea kuwatoa walimu nje, na sidhani kama walianza na fedha nyingi kuliko tulizochanga sisi.

Vikwazo vipo. Mkuu wa shule hana kifungu cha fedha cha kumpeleka mwalimu kutazama ukuta wa udongo, kibali huchukua muda, na Jumamosi ni siku ambayo wengi wetu tuna masomo ya ziada au shamba. Kwa hilo sina dawa, zaidi ya kuomba kwamba siku moja ya uwandani kwa muhula ihesabiwe kuwa mafunzo kazini kama inavyohesabiwa siku ya ukumbini, na iandikwe katika kumbukumbu za mwalimu. Posho siiombi, maana tukiianzisha, safari itakufa siku itakapokosekana.

Safari yetu ijayo ni ya mlima wa Kitonga, kwenye barabara kuu ya kuja Iringa, mvua zikikatika na tukipata mahali salama pa kusimama, maana malori ya barabara ile hayamwonei mtu huruma. Mimi nimeshasema kwamba ukuta wa mlima ule ni granaiti. Yule mwalimu mdogo anasema hapana, ni miamba iliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo, na kwamba michirizi yake inaonekana hata kwenye dirisha la basi. Nimemwambia aje na lenzi.