Saa haidaki mpira

Kila majira ya joto, makocha wa mpira wa Kimarekani vyuoni huwaita vijana wa sekondari kambini kuwapima. Kijana anakimbia yadi 40, yaani mita 36.6 hivi, anaruka juu, anaruka mbele, kisha anakimbia yadi 20 za kugeukageuka. Jioni namba zimeshasambaa, na asiyejulikana asubuhi ameahidiwa ufadhili wa masomo. Kwangu huko ni kuanzia mwisho. Mechi itangulie, vipimo vifuate.

Tuanze na namba yenyewe. Ukiambiwa kijana amekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.5, zimepimwa na nini? Mwenye stopwachi hubonyeza baada ya jicho lake kuona kijana ameng'oka, halafu kijana anapokaribia mstari wa mwisho hubonyeza kwa kukisia, kwa hiyo muda hutoka mfupi kuliko ulivyo. Mtambo wa miale ya mwanga haukisii. Mara nyingi tofauti hufika sekunde 0.2, na kwa mpokeaji, yaani mchezaji wa kudaka pasi, hiyo inatosha kumtoa kwenye orodha ya wanaogombewa. Tena mkao wa kuanzia hufundishika: uzito ukae mguu gani, mkono uvutwe vipi. Kijana akiufanyia mazoezi wiki chache, muda unashuka, lakini uwanjani ni yuleyule. Kama ni lazima uamini mbio, tafuta muda wake wa mita 100 kwenye riadha, uliopimwa kwa umeme, na upepo wa nyuma usizidi mita 2.0 kwa sekunde.

Mwaka 2017, kwenye majaribio ya kuingia NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, mpokeaji John Ross alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22, rekodi ya wakati ule, na timu ya Cincinnati ikamchagua akiwa wa 9 kati ya wachezaji wapya wote. Mpokeaji mwenzake, Cooper Kupp, alikimbia 4.62 akachaguliwa wa 69. Huyu Kupp, alipomaliza sekondari kule Yakima, alitakiwa na vyuo viwili tu, Eastern Washington na Idaho State. Mwaka 2021 alidaka mipira 145 iliyoisogeza timu yake yadi 1,947, akaongoza ligi nzima. Ross aliandamwa na majeraha, hilo lisemwe kwa haki, lakini misimu yake 4 ya Cincinnati kwa jumla haikufikisha yadi 1,000.

Basi itazame video, na si ile ya dakika tatu aliyoikata mwenyewe. Chukua mechi tatu nzima, mojawapo dhidi ya timu kali kuliko zote alizocheza nazo. Mwangalie robo ya nne akiwa amechoka, na mwangalie mpira unapokwenda kwa mwenzake.

Vipimo vina kazi kubwa pale ambapo video inadanganya: shule ndogo yenye wapinzani dhaifu, au kijana anayehamishwa nafasi. Kwa wazuiaji wa mstari wa mbele, yadi 40 karibu hazina maana. Tazama yadi 10 za kwanza.

Vipimo na video vikipingana, rudi kwenye video utafute sababu. Mwenye 4.4 anayechelewa uwanjani kwa kuwa hajui amsome beki yupi, mchukue, atafundishwa. Anayehitaji hatua tano kusimama ndipo ageuke, mwache.