Picha ghafi: tubaki na faili la kamera au tuhamie DNG?

Kwa mpiga picha anayerudi Arusha kutoka Tarangire na kadi iliyojaa tembo, kupiga ghafi (raw, yaani data ya kamera kabla haijachakatwa kuwa JPEG) si jambo la kubishania tena. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Piga Kibo asubuhi ukiwa Moshi, theluji inawaka na msitu chini bado giza. Kwenye ghafi unashusha mwanga na mikunjo ya barafu inajitokeza. Kwenye JPEG mara nyingi linabaki doa jeupe.

Ubishi uko kwenye kutunza. Kila kampuni ina aina yake ya faili ghafi: Canon ina CR3 (zamani CR2), Nikon NEF, Sony ARW, na kila moja ina siri zake. Mwaka 2004 Adobe ilitoa DNG, aina ya faili ghafi ambayo maelezo yake yako wazi kwa yeyote, na Leica na Pentax wameiweka kwenye kamera zao.

Wanaoitetea DNG wana hoja nzito. Marekebisho yanaandikwa ndani ya faili lenyewe, hakuna kijifaili cha XMP, kile cha pembeni kinachotunza marekebisho ya faili la kamera, cha kupotea ukihamisha diski. Pia DNG hubeba alama ya ukaguzi inayoonyesha kama data ya picha imeharibika. Hili nalithamini sana, maana diski huanza kufa kimyakimya, na unagundua siku bibi harusi anaporudi kuomba picha zake.

Lakini ukishabadilisha kuwa DNG na kufuta faili la kamera, huwezi kurudi nyuma. Programu za Canon na Nikon zenyewe hazifungui DNG uliyoitengeneza. Unaweza kulihifadhi faili la awali ndani ya DNG, ila ukubwa unakaribia kuwa maradufu. Na ukiandika marekebisho ndani yake, nakala ya akiba ya mtandaoni inapaswa kupandishwa upya faili zima. Kwa bando zetu hilo linauma, wakati XMP ni kilobaiti chache tu.

Hofu kwamba NEF au CR2 zitakosa wa kuzifungua naona imetiwa chumvi. Programu huria ya dcraw, inayofungua faili ghafi, ilianza 1997, na LibRaw imeendeleza kazi hiyo kwa kamera nyingi za zamani.

Kwa hiyo mimi nasema faili la kamera libaki, kwenye diski mbili zilizo nyumba tofauti. Alama ya ukaguzi unaweza kuitengenezea hata NEF kwa programu ya bure. DNG itumike pale inapokutoa kwenye shida: umenunua kamera mpya, Lightroom yako ya zamani (programu ya Adobe ya kuhariri picha) haisomi faili zake, na kulipia kila mwezi huwezi. Kigeuzi cha Adobe cha kutengeneza DNG ni cha bure. Fanyia kazi DNG, lakini usifute faili la kamera.