Utafiti wa panya na ushauri wa kuondoa kitambi

Kipupwe kikiingia Dodoma, ushauri wa kuondoa kitambi hauishi kwenye simu: oga maji baridi alfajiri, funga saa 24, mafuta yatayeyuka, utafiti umethibitisha. Ukifuatilia utafiti wenyewe, mara nyingi unakuta ni wa panya. Sisemi tuupuuze, ila tuusome wote.

Wanaouamini wana hoja nzito. Kwa panya tumejifunza mengi kuhusu mafuta ya mwili. Yapo meupe, ambayo ni akiba, na yapo ya kahawia, yanayochomwa ili kutoa joto kwa msaada wa protini iitwayo UCP1. Panya akikaa kwenye baridi siku kadhaa, hata sehemu ya mafuta meupe ya chini ya ngozi huanza kufanya kazi hiyo. Na mwaka 2009 picha za hospitali zilithibitisha kwamba watu wazima nao wana mafuta ya kahawia, hasa shingoni.

Lakini panya ana gramu 25 hivi, na mwili mdogo hupoteza joto upesi. Yeye hustarehe kwenye nyuzi 30. Maabara nyingi humweka kwenye nyuzi 20 hadi 22, hali inayomfaa mtafiti aliyevaa koti. Kwa hiyo hata panya anayeitwa wa kawaida anapambana na baridi mchana na usiku.

Kufunga ndiko kunakopotosha zaidi. Panya akinyimwa chakula siku nzima hupoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito wake. Ni kama mtu wa kilo 70 apungue kilo 7 kati ya leo na kesho. Tena chumba kikiwa na ubaridi, panya mwenye njaa hujikunja, joto la mwili wake likashuka, akazubaa kwa saa kadhaa ili kubana matumizi. Njaa na baridi hapo havijumlishi faida.

Linaloniuma ni suala la jinsia. Kwa miaka mingi tafiti nyingi zilitumia madume tu, kwa hofu kwamba mzunguko wa homoni za majike ungevuruga matokeo. Mpaka mwaka 2016 ndipo Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilipoanza kuwataka wanaoomba fedha zake wazingatie jinsia. Na tofauti ipo: dume hujaza mafuta tumboni, jike huweka zaidi chini ya ngozi, akitolewa ovari, ya tumboni huongezeka. Kwa binadamu pia, wanawake wengi huanza kunenepa tumbo hedhi inapokoma.

Sasa mama wa makamo anayeuza nyanya soko la Majengo, aliyejifunika khanga mbili asubuhi ya Julai, anapewa dozi iliyopimwa kwa dume kijana ndani ya kizimba. Kama ana kisukari na anachoma insulini, kufunga saa 24 bila daktari kunaweza kumshusha sukari hadi akazimia pale pale mezani pake.